Ndoo Mbili
Kiangazi cha mwaka juzi, nikiwa likizo nyumbani Bendera, niliosha gari la mjomba kwa ndoo sita. Alikuwa ametoka Same kwa njia ya Kisiwani, na vumbi lilikuwa limeganda kuanzia boneti hadi taa za nyuma. Kwetu hakuna mpira wa maji. Nilimwaga, nikasugua, nikamwaga tena, hadi gari liking'aa na ua mzima umekuwa tope.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake anachambua maharage. Akauliza jambo moja tu: "Maji hayo kachota nani?"

Alikuwa kachota binti wa mjomba, mwanafunzi wa kidato cha pili. Alitoka na dumu tangu alfajiri, mimi nikiwa bado usingizini.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na rasimu ya tasnifu yangu inahusu maji ya Upare. Swali la bibi halikuwamo hata kwenye ukurasa mmoja.

Bendera iko tambarare, mashariki ya milima ya Pare Kusini, upande unaotazama Mkomazi. Mvua nyingi huishia milimani, sisi tunapata kinachoshuka. Huko juu, tangu kabla ya Wajerumani, watu walichimba mifereji na kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya mawe na udongo. Kijito chembamba hakina nguvu ya kufikisha maji mwisho wa shamba, yatanywewa na ardhi njiani. Kwa hiyo ndiva huzibwa jioni, hujaa usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa maji yakaenda kwa kishindo kwa mwenye zamu. Zamu hiyo ina masharti. Asiyeshiriki kuzibua mfereji hawezi kudai maji yake.

Kitabu cha Isaria Kimambo cha 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kilinifundisha habari za koo na watawala. Maana ya zamu nilifundishwa na bibi. Kwake maji yana mwenyewe, naye ni yule aliyeyatolea jasho.

Chombo cha kuchotea nacho kina historia. Palikuwa na mtungi na kibuyu. Baadaye mafuta ya taa yakaja katika makopo ya bati ya galoni 4, karibu lita 18. Mafuta yakiisha, bati likawa debe la maji, na debe likawa kipimo cha mahindi sokoni. Kisha likaja dumu la lita 20. Asili ya kipimo hicho ni kopo la chuma la jeshi la Ujerumani la miaka ya 1930, ambalo Waingereza walilinakili vitani. Leo dumu la plastiki la mafuta ya kula ndilo linalopanga siku ya msichana wa kijijini: madumu mangapi, safari ngapi, atafika shule saa ngapi.

Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 ili kufikia 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ulifika kabla ya maji. Matumizi ya maji majumbani nchini Kenya, Uganda na Tanzania yalipimwa miaka ya 1960, yakapimwa tena maeneo yale yale mwaka 1997. Nyumba zenye bomba zilikuwa zimeshuka kutoka wastani wa lita 128 kwa mtu kwa siku hadi 66, maana bomba lenyewe lilikuwa halitoki kama zamani. Zisizo na bomba zilikuwa zimefika kama lita 20, yaani dumu moja.

Nilipiga hesabu. Mpira ukitoa lita 15 kwa dakika, dakika kumi ni lita 150. Hayo ni maji ya mtu mmoja asiye na bomba kwa wiki nzima. Ndoo zangu sita zilikuwa lita 120.

Jumapili iliyofuata niliamka mapema, nikachota mwenyewe. Safari ya pili mabega yalikuwa yanawaka, nikaamua ndoo mbili zitatosha.

Nazo zinatosha, ukijua utaratibu. Gari liwe kivulini, bodi imepoa. Usifute vumbi likiwa kavu, litakwaruza rangi. Chukua kopo lililotobolewa matundu, ulowanishe kuanzia juu, kidogo kidogo, vumbi lilainike. Ndoo moja ina sabuni ya maji kidogo, nyingine maji matupu. Chovya kitambaa kwenye sabuni, futa paa, kisuuze kwenye maji matupu ili mchanga ubaki huko, ndipo ukirudishe kwenye sabuni. Fanya kipande kwa kipande: paa, vioo, milango, kisha chini. Bakiza makopo machache ya maji safi ya kumalizia, ukaushe kwa kitambaa kikavu. Matairi ni ya mwisho, na yana tambara lake.

Wapo wanaokata shauri kuliingiza gari mtoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, lakini hata bila sheria, mfereji unaoupaka oili ndio unaomwagilia mpunga wa jirani yako wa chini. Maji yangu ya sabuni niliyamwaga mbali, kwenye changarawe za njiani.

Nilipokuwa nakausha kioo, binti wa mjomba alitoka na daftari la hesabu mkononi. Akatazama zile ndoo.

"Kaka, leo ulichota mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akakaa kizingitini, akafungua daftari. Bibi hakusema neno. Alinyoosha vidole viwili, akahesabu ndoo, akarudi kwenye maharage yake.