Kutoka Forodha ya Busia hadi Tovuti za Serikali: Historia ya Haki ya Kufikia Huduma

Kwa watu wenye ulemavu wa Busia, Malaba na vijiji vya Angurai, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, haki ya kufikia huduma ilidaiwa barabarani kabla ya kudaiwa kwenye tovuti. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, watu waliolemaa miguu walivusha bidhaa baina ya nchi hizo mbili kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, na maofisa wa forodha wakawalegezea ushuru. Nafuu hiyo iliwalisha wengi, lakini ilikuwa hisani, kwa kuwa ilitegemea moyo wa ofisa aliyekuwa zamu.

Sheria ya Kenya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanza kugeuza hisani kuwa wajibu. Iliunda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na kulipa uwezo wa kutoa amri ya marekebisho, yaani agizo la kumlazimisha mwenye jengo au mtoa huduma kwa umma aondoe kizuizi. Sheria hiyo ilitaja majengo, magari ya abiria, televisheni na simu, ila tovuti haikuitaja, ingawa huko Australia, mwaka 2000, Bruce Maguire, mtu asiyeona, alikuwa amekwisha kushinda shauri dhidi ya waandaaji wa Olimpiki za Sydney kwa sababu tovuti yao haikumfaa.

Pengo hilo lilizibwa kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inataja intaneti waziwazi. Kisha Katiba ya 2010 ikatamka kwamba mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi, na katika ibara ya 54 ikampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Tangu hapo mkazi wa Angurai aliyezuiwa na tovuti ya serikali angeweza kudai haki yake katika Mahakama Kuu, bila kusubiri Bunge litunge kifungu cha tovuti.

Wakati huohuo huduma zenyewe zilikuwa zikihamia mtandaoni. Mwaka 2010 serikali iliwasamehe watu wenye ulemavu kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi, lakini baadaye maombi ya msamaha huo yakapitishwa kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, na huduma nyingine nyingi zikapelekwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hapa ndipo penye uzito wa jambo: haki iliyoandikwa kwa ajili ya mtu asiyeona humponyoka ikiwa fomu yake haisomeki kwa kisoma-skrini, yaani programu inayotamka maandishi kwa sauti.

Mwaka 2022 Shirika la Viwango la Kenya lilitoa kiwango cha KS 2952 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari, na Mei 2025 sheria mpya, iliyosukumwa Bungeni na Seneta Crystal Asige, mwenye ulemavu wa kuona, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Kiwango humwonyesha mtengenezaji tovuti namna ya kuijenga. Kumlazimisha ni kazi ya Baraza na mahakama, nazo kwa kawaida husubiri mlalamikaji ajitokeze.