Mguu Mlangoni, Sauti Sikioni

Haki ya mnunuzi kubadili nia na kurudishiwa pesa zake baada ya kushawishiwa kwa simu inaonekana leo kuwa jambo la kawaida kote Ulaya. Hata hivyo, haki hiyo ni changa sana ikilinganishwa na simu yenyewe. Kwa miaka mingi watunga sheria wa Uingereza na Marekani walimlinda mtu dhidi ya mchuuzi aliyebisha hodi, huku wakimwacha bila ngao mbele ya mchuuzi aliyepiga simu. Historia hii inaonyesha kosa ambalo bado linaweza kurudiwa: sheria ilitazama njia iliyotumiwa kuuza, ikasahau dhara lililokusudiwa kuzuiwa. Dhara lenyewe ni kunyimwa muda wa kufikiri, na muda huo unaweza kuibwa na sauti kama unavyoibwa na mguu uliozuia mlango usifungwe.

Mwanzo wa habari ni uchuuzi wa nyumba kwa nyumba. Katika Uingereza iliyokuwa ikijikwamua kutoka uhaba wa baada ya vita, wachuuzi walizunguka mitaani wakiuza mashine za kufulia, mashine za kufyonza vumbi na vitabu vya ensaiklopidia, mara nyingi kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Aliyefungua mlango alitiwa kalamu mkononi kabla hajajua jumla ya deni. Kamati ya Molony, iliyochunguza ulinzi wa walaji na kutoa ripoti yake mwaka 1962, iliutambua udhaifu huo, na sheria ya mwaka 1964 kuhusu ununuzi wa mkopo ikaleta dawa. Aliyetia saini nje ya duka alipaswa kutumiwa nakala ya pili ya mkataba kwa posta, na tangu siku alipoipokea alikuwa na siku nne za kuuvunja. Nakala hiyo haikupitia mkononi mwa mchuuzi. Ilifika wakati mchuuzi amekwisha kuondoka, ili mnunuzi aisome akiwa na akili yake na watu wake.

Marekani ilifuata njia hiyohiyo. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliyotangazwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1974, ilimpa mnunuzi wa mlangoni siku tatu za kazi kubadili nia, mradi bidhaa ilifikia dola 25. Uzito wake ulikuwa katika mambo madogo. Muuzaji alitakiwa kumkabidhi mteja fomu ya kuvunja mkataba katika nakala mbili, kumweleza haki hiyo kwa mdomo, na kuandika mkataba kwa lugha ileile aliyoitumia kushawishi. Aliyeuza kwa Kihispania hakuweza tena kuficha masharti ndani ya Kiingereza. Mteja akishavunja mkataba, pesa zilitakiwa kurudi ndani ya siku 10 za kazi. Lakini kanuni hiyohiyo iliacha nje mauzo yaliyofanywa yote kwa posta au kwa simu. Nchini Uingereza, sheria ya mikopo ya mwaka 1974 nayo ilitoa haki ya kubadili nia pale tu mteja aliposhawishiwa kwa maneno ana kwa ana. Maneno yaleyale, yakisemwa na mtu yuleyule kwa simu, hayakuhesabika.

Mtu anaweza kusema ubaguzi huo ulikuwa na mantiki: simu hukatwa kwa kidole, ilhali mtu aliyekaa sebuleni hafukuziki kirahisi. Hoja hiyo inasahau jinsi kazi ya kuuza kwa simu inavyofanyika. Anayepiga ana maandishi mbele yake yenye jibu la kila udhuru. Ukisema unataka kushauriana na mwenzako, utaambiwa bei hii inaisha leo. Ukisema huna hakika, utaulizwa ni nini hasa kinachokutia shaka, na jibu lako litakuwa mlango wa hoja nyingine. Mpokeaji hana karatasi wala bidhaa ya kuishika, na namba za kadi yake zikishatamkwa, malipo yamefanyika. Kati ya kukubali na kulipa hakuna nafasi hata ya kuvuta pumzi.

Ulaya ililiziba pengo mwaka 1997, kwa agizo kuhusu mikataba inayofanywa wahusika wakiwa mbali. Mnunuzi alipewa siku 7 za kazi, na Uingereza ikaliingiza agizo hilo katika sheria zake mwaka 2000. Sababu iliyotangulizwa ni kwamba mteja hakuiona bidhaa, yaani asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Agizo la mwaka 2011, lililoanza kutumika Juni 2014, likaunganisha mlango na simu chini ya kipimo kimoja cha siku 14, na muuzaji asipomwarifu mteja haki yake, muda huo wa mteja huongezwa kwa miezi 12. Marekani ilichukua njia nyingine. Kanuni ya mauzo ya simu ya mwaka 1995 ilidhibiti saa za kupiga na kumlazimu muuzaji aseme mapema kama harudishi pesa, na mwaka 2003 likafunguliwa daftari la taifa la wasiotaka kupigiwa. Siku tatu za mlangoni hazikuhamishiwa kwenye simu. Kwa hiyo mteja mwenye malalamiko alibaki kutegemea njia aliyolipia. Kadi ya mkopo ilimpa nafasi ya kupinga malipo chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1974, lakini aliyetuma fedha taslimu kwa wakala wa uhamishaji hakuwa na pa kushika. Mwaka 2017 Western Union ilikubali kulipa dola milioni 586 katika kesi iliyohusu fedha zilizopitishwa na matapeli, na waathiriwa walianza kulipwa mwaka 2020. Kinga iliyoanza baada ya pesa kuondoka ilichukua miaka kuleta matunda.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima ya mkataba: mtu mzima akikubali, amekubali. Ila desturi za kibiashara zinazoheshimu mkataba kwa dhati zimejua tangu zamani kwamba ridhaa huhitaji muda. Fikihi ya Kishafii, iliyoongoza biashara ya pwani yetu kwa karne nyingi, humpa kila upande hiari ya kuvunja mauzo kabla hawajaachana kikaoni, na huruhusu kuwekeana sharti la hiari lisilozidi siku tatu. Hakuna aliyeona kwamba hilo linavunja soko. Pingamizi la pili ni kwamba wateja watatumia bidhaa kisha wairudishe. Sheria ya Ulaya imelijibu: bidhaa iliyotengenezwa kwa vipimo vya mteja hairudishwi, na aliyeichakaza bidhaa kupita kiasi cha kuikagua hulipia upungufu wa thamani. Muuzaji ambaye bidhaa yake inasimama kwa ubora hapotezi mengi kwa kumpa mteja wiki mbili. Anayezihofia siku hizo ni yule ambaye biashara yake haiwezi kustahimili fikra ya pili.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Mlaji mwaka 2012, nayo inaitambua mikataba inayofanywa bila wahusika kukutana. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu inayopokea ushawishi ndiyo hiyohiyo inayotoa pesa, na namba ya siri huingizwa kabla muuzaji hajakata. Wanaotunga kanuni za Afrika Mashariki wasirudie kosa la mwaka 1974 kwa kutaja chombo kimoja na kusahau kitakachofuata. Waandike muda wa kubadili nia kwa kila mauzo ambayo muuzaji ndiye aliyemfuata mnunuzi, kwa njia yoyote ile, na walazimishe kwamba pesa zirudi kwa njia ileile ziliyopitia. Kutafuta neno la kumtaja kila mchuuzi mpya ni kazi isiyo na mwisho. Kumrudishia mnunuzi muda wake kunawezekana kwa kifungu kimoja cha sheria.