Laini kwa Jina la Mwingine

Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, mwaka 2009 nikitoka Fizi, Kongo, fomu ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu ndiyo iliyonirudishia mama. Karatasi moja isiyo na bahasha, maana husomwa njiani kuhakikisha haina neno ila habari za ukoo. Niliandika jina langu, la baba, la mama na la kijiji. Kitambulisho sikuulizwa. Baada ya miezi mitano ikarudi na mwandiko wa dada: mama yu hai, wamevuka Ziwa Tanganyika, wako kambini Nyarugusu, Tanzania. Chini aliandika namba ya simu ya jirani.

Wasudani walionitangulia, waliofika kambi ilipoanza mwaka 1992 wengi wao wakiwa bado watoto, walitafuta ndugu kwa barua za namna hiyohiyo. Mimi nilikuta simu zimeshaingia. Nilifungua kibanda cha kuchaji, sola moja na betri ya gari, nikaona watu wakilipia chaji kabla ya kununua sukari.

Kisha, mwaka 2010, serikali ya Kenya ikaagiza kila laini isajiliwe. Mwanzoni mwa 2013 zisizosajiliwa zikazimwa. Usajili ulitaka kitambulisho, na mwomba hifadhi alikuwa na karatasi ya kusubiria tu. Tukawakimbilia majirani zetu Waturkana. Laini yangu ilisajiliwa kwa jina la mama mmoja muuza makaa, wala hakutaka hata shilingi.

Siku simu ilipoibwa, nilielezwa kuwa namba itarudishwa akija mwenyewe na kitambulisho chake. Alikuwa ameshahamia Lodwar, nami sikuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Namba ile ikafa. Kumbe ndiyo pekee aliyokuwa nayo dada, na mwezi ule mama aliugua. Nilipopata habari, alikuwa ameshazikwa.

Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutuma sehemu ya mgao kwa simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula. Kwa kuwa wengi hatukuweza kujisajili huduma za pesa, shirika lenyewe lilitugawia laini maalumu, za kununulia chakula katika maduka yaliyoteuliwa. Siku hiyo nilielewa: palipo na nia, mtu asiye na kitambulisho hupata laini.

Leo vijana huja kibandani kuomba nafasi za masomo kwa intaneti. Bando wanalo, lakini namba wanayoijaza ni ya laini ya jirani. Fomu ikituma msimbo wa kuthibitisha, msimbo unakwenda kwa mwenye laini, pengine yuko machungani na simu imezimwa. Tunakaa tukisubiri hadi muda unakwisha.

Ninachodai ni kidogo: karatasi ya kuomba hifadhi itoshe kusajili laini tangu siku ya kwanza. Fomu yangu ya 2009 bado ninayo. Iliniuliza mimi ni nani, ikaniamini, ikamfikia mama.