Handaki la Umio
Leiomioma ni uvimbe unaoota kwenye misuli ya umio, njia ya chakula inayotoka kooni hadi tumboni. Si saratani. Lazima litangulie neno hilo, maana saratani ya umio imeua wengi Afrika Mashariki, na mtu wa Lubondja au Baraka, mashariki mwa Kongo, akisikia ana uvimbe kwenye njia ya chakula huanza kuaga watu wake. Leiomioma ndogo huachwa, ikiangaliwa tu. Huondolewa ikikua au ikizuia tonge.

Madaktari wengi huuita uondoaji wake bila kupasua kifua “upasuaji wa matundu madogo”. Jina hilo ni la vyombo vinavyopita kwenye ngozi, kama katika upasuaji wa tumbo unaofanywa katika hospitali ya Panzi, Bukavu. Endoskopu, mpira mwembamba wenye kamera, hupita mdomoni wala haitoboi ngozi, na njia zake hazifanani.

Uvimbe wa juujuu huinuliwa kwa maji ya chumvi yanayochomwa chini yake, kisha hunaswa kwa kitanzi cha waya wa umeme. “Ukataji wa kitanzi” latosha. Uliozama kwenye misuli waweza kuchimbuliwa kutokea juu yake, lakini hapo utando wa ndani wa umio na misuli hufunguka mahali pamoja. Umio hauna ganda la nje kama la utumbo. Ukitoboka, mate huvujia kifuani, jirani na moyo.

Ndiyo maana naipenda njia ya tatu. Mwaka 2008 Haruhiro Inoue wa Japani alianza kutibu akalasia, ugonjwa ambapo mlango wa chini wa umio haulegei, kwa kupita chini ya utando. Kufikia 2012 madaktari wa Hospitali ya Zhongshan, Shanghai, walikuwa wameieleza kwa uvimbe. Utando hukatwa kama sentimita 5 juu ya uvimbe, kamera huteremka kati ya utando na misuli, uvimbe hutolewa, mlango hubanwa kwa klipu. Misuli ikitoboka, utando ulioifunika bado ni mzima.

Naiita “uondoaji kwa handaki”. Kwa wachimba dhahabu wa Misisi, daktari aseme galeri: huingii juu ya mali, unaifuata kwa chini.

Uvimbe wenye upana unaozidi kama sentimita 4 haupiti handakini. Huo ndio wa matundu ya kifuani. Na utando ukiwa mzima, daktari asinyofoe kipande cha kupima bila sababu: kovu hugandisha utando kwenye uvimbe, na handaki hukosa pa kupita.