Saa Isiyovunjika: Kutoka Kwatsi Hadi G-Shock

Ukiingia duka la saa ukisema unataka saa ya mkono ya kuvaa kila siku, muuzaji atakuonyesha ile nzito na inayong'aa kwanza, kana kwamba uzito ndio uimara. Hebu msomaji tuiache hesabu ya muuzaji kidogo tuitazame historia. Mengi yanayoifanya saa ya leo idumu yaliingia sokoni kati ya 1969 na 1983, na yalikwenda kinyume kabisa na mawazo ya mafundi wa saa wa wakati huo.

Saa za wazee wetu zilikuwa za kutia ufunguo. Unaikaza kamani, nayo inafunguka polepole ikisukuma magurudumu, huku gurudumu la mizani likicheza huku na huku mara tano au sita kwa sekunde. Ekseli ya gurudumu hilo ni nyembamba mno, na saa ikianguka kwenye sakafu ya saruji ndiyo hukatika kwanza. Watu walijitahidi: Rolex walileta kasha la Oyster lisilopitisha maji mwaka 1926, na Incabloc ya Uswisi ikaja 1934 ikiiwekea ekseli hiyo kijispringi cha kupokea mshtuko. Seiko nao wakaanza familia ya Seiko 5 mwaka 1963, saa inayojikaza kwa mwendo wa mkono wako. Ni saa nzuri hadi leo. Lakini vipande vyake ni vingi, vinasuguana, vinahitaji mafuta na vinahitaji fundi anayejua kazi.

Sasa tuje kwenye kwatsi, na hapa mtu wa kompyuta lazima atabasamu. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikikandamizwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ipe fuwele umeme, itatetemeka, tena kwa kasi isiyoyumba. Mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton wa Bell Labs, Marekani, waliunda saa ya kwanza ya kwatsi, lakini haikuwa kitu cha kufunga mkononi. Ilichukua miaka 42 mingine kuipunguza. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko waliuza jijini Tokyo saa iliyoitwa Astron, ya dhahabu, kwa yeni 450,000, kiasi cha kununulia gari dogo. Ilipotea sekunde tano hivi kwa mwezi. Saa nyingi za kamani hupotea kiasi hicho kwa siku moja!

Saa nyingi za kwatsi za leo hutumia fuwele inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini namba hiyo? Kwa sababu ni 2 iliyozidishwa kwa 2 hadi zipatikane 2 kumi na tano. Igawanye kwa mbili mara 15 na unabaki na 1, yaani pigo moja kwa sekunde. Kugawanya kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa sakiti ya umeme. Mle ndani hamna ufundi wa kimiujiza, ni kihesabio cha biti 15 tu.

Kilichoniuma kidogo niliposoma historia hii ni kwamba Waswisi wenyewe walikuwa na kwatsi. Maabara yao ya Neuchâtel ilikuwa na saa za majaribio za mkono zinazofanya kazi tangu 1967. Walichokosa ni kuiamini. Waliokuwa wameajiriwa katika sekta ya saa nchini humo walikuwa takriban 90,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki 30,000 hivi. Hao walikuwa mafundi hodari, wengine wa kurithishana kazi baba kwa mwana, na ufundi wao haukupungua hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba haukuhitajika tena kwa wingi ule. Swatch ya plastiki, yenye vipande 51 tu, ndiyo iliyosaidia kuwaokoa kuanzia Machi 1983.

Akrabu nazo zikaanza kuondoka. Mwaka 1972 Hamilton wa Marekani waliuza Pulsar, saa ya tarakimu nyekundu iliyogharimu dola 2,100. Ilikula umeme mwingi kiasi kwamba ilibidi ubonyeze kitufe ndipo uone saa, yaani mkono wa pili nao uwe huru. Skrini za LCD zikatatua hilo, na mwaka 1974 Casio, kampuni ya vikokotoo, wakaingia na Casiotron. Kumbuka, ndani ya saa ya namna hii hakuna gurudumu hata moja.

Ungedhani basi tatizo la kuanguka limekwisha. Wapi! Mhandisi wa Casio aitwaye Kikuo Ibe aliangusha saa aliyopewa na babake, ikavunjika. Mwaka 1981 aliwasilisha pendekezo la kutengeneza saa isiyovunjika ikianguka. Lengo la kikundi chake lilikuwa kumi tatu: ianguke mita 10, ihimili shinikizo la maji la bari 10, na betri ikae miaka 10. Jaribio lenyewe lilikuwa la kienyeji kabisa: kuzirusha saa kutoka dirisha la choo cha ghorofa ya tatu. Waliharibu saa 200 hivi. Kuizungushia mpira tu kungeifanya iwe kubwa kama tufe. Akaigawa kinga kwa tabaka, lakini kila jaribio kipande kimoja cha ndani kilikufa. Akiimarisha koili, fuwele inapasuka. Ni kama kurekebisha kosa moja la programu ukazua jingine!

Ibe alijipa wiki moja, akishindwa ajiuzulu. Siku ya mwisho, bustanini, alimwona mtoto akidundisha mpira, akawaza: je, mashine ya saa ikielea katikati ya mpira huo? Basi akaishikilia kwa nukta chache tu, nafasi ikabaki wazi kuizunguka. G-Shock ya kwanza, DW-5000C, ikatoka Aprili 1983.

Ndugu yake mdogo ni F-91W ya 1989, ambayo bado inauzwa. Haina kinga ile, ila ni nyepesi mno, na kitu chepesi kikianguka hakigongi kwa nguvu. Betri hukaa miaka 7 hivi. Haijui mwaka, kwa hiyo hofu ya mwaka 2000 haikuihusu. Lakini kila mwaka mrefu utairekebisha mwenyewe tarehe 29 Februari. Nayo itaandika 7:00 nawe utasoma saa moja, akili ikitoa sita bila kuombwa.

Ukiwa dukani, basi, usilipie ziada kwa saa inayojirekebisha kwa mawimbi ya redio: mitambo yake iko Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani, na mawimbi hayo hayafiki Nairobi. Inayochajiwa na jua ni pesa halali kwetu. Maandishi ya mita 30 ni ya mvua na kunawa tu. Kuogelea tafuta 50, na baharini 100. Na siku ya kubadilisha betri, simama hapo hapo uhakikishe fundi amerudisha ule mpira mwembamba wa kuziba maji, haukujikunja wala kupasuka. Saa nyingi nzima huzama kwa sababu yake.