Warina asali wa Inyonga na heshima wanayostahili

Mei 20 ya kila mwaka dunia humkumbuka mwalimu wa ufugaji nyuki. Anton Janša alizaliwa mwaka 1734 katika nchi ambayo leo ni Slovenia, na mwaka 1770 Malkia Maria Theresa alimteua kufundisha ufugaji nyuki Vienna. Alifariki 1773. Umoja wa Mataifa ulipoitangaza Siku ya Nyuki Duniani, Desemba 2017, uliichagua Mei 20 kwa heshima yake.

Ikiwa miaka mitatu ya kufundisha imempatia Janša siku yake duniani, basi wazee wa Inyonga, wilayani Mlele, waliowarithisha wengine kazi hiyo hadi nguvu zikawaishia, wana haki ya kuulizwa habari zao.

Inyonga ni kitovu cha Ukonongo, upande wa mashariki wa Mkoa wa Katavi, na miombo yake inaungana na ile ya Tabora. Tangu enzi za Wajerumani nta ya ukanda huu ilisafirishwa hadi pwani na kuuzwa ng'ambo. Kisha ukaja utawala wa Waingereza, na pamoja nao hofu ya malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika msituni walihamishwa na kukusanywa kwenye makazi makubwa ili wakae mbali na mbung'o, na Inyonga ilikuwa mojawapo ya makazi hayo. Misitu iliyobaki nyuma ikaja kutengwa kuwa hifadhi. Mizinga, hata hivyo, ilikuwa huko huko juu ya miti, na wenyewe wakaendelea kuifuata, wakipiga kambi mbali na nyumbani kwa majuma kadhaa.

Maarifa waliyokwenda nayo si madogo. Mrinaji anajua kwamba miombo huchanua kabla ya mvua za kwanza, hivyo mzinga uwe umetundikwa mapema. Anajua nyuki wetu huhama wakikosa maua au maji, na hawalaumu kwa hilo, hutafuta walikoelekea. Huwatuliza kwa moshi, na aliye fundi hasa huyaacha masega yenye majana ili kundi lisivunjike. Anajua pia gome la mti gani linakunjika na kushonwa likawa mzinga bila kupasuka. Hapo ndipo wataalamu wa misitu wamemlaumu, kwa kuwa mti uliobanduliwa gome kuuzunguka wote hufa. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini anayetegemea maua ya msitu ndiye mwenye sababu kubwa ya kuukinga na moto, na nionavyo mimi mizania ikiwekwa sawa, msitu unamdai kidogo kuliko anavyoudai.

Serikali ya Tanganyika iliunda kitengo cha ufugaji nyuki mwaka 1949. Ndani ya kazi hiyo alikuwamo F. G. Smith, Mwingereza aliyewachunguza nyuki wa nchi hii hadi akawapa majina ya kisayansi nyuki wa pwani na wale wa milimani. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu ufugaji nyuki katika nchi za joto, kikasomwa mbali na hapa. Smith anastahili sifa zake. Walioijua misitu hiyo kabla yake hawakuandika vitabu, na ndiyo maana tunalijua jina lake kuliko yao.

Baada ya Uhuru nchi ilijijengea vyombo vyake vya sayansi: Baraza la Utafiti mwaka 1968, sera ya kwanza ya sayansi na teknolojia mwaka 1985, kisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa sheria ya mwaka 1986. Nyuki nao walipata sera yao Machi 1998 na sheria yao mwaka 2002, iliyofungua mlango wa kutenga hifadhi za nyuki. Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, aliibeba kazi hii kwa mikono yake: alifuga nyuki mwenyewe na kuihubiri mizinga kila alikopita. Sera nyingi hukosa mtu wa kuzisemea hivyo.

Mwaka 2019 yalianza mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU. Yana makundi saba, kuanzia shule za msingi hadi taasisi za utafiti, na la mfumo usio rasmi limewainua mafundi ambao hawakupita chuoni. Ni jambo zuri sana. Ila mshindani huja na kitu alichobuni na kukiweka mezani kwa majaji. Mzee aliyeulinda msitu na kuwafundisha vijana kwa miaka 40 hana cha kuweka mezani, na hakuna kundi la nane linalomngoja.

Kundi hilo linaweza kuundwa. Na kabla ya Dodoma kuamua, halmashauri za Katavi hazihitaji kungoja kibali cha mtu. Kila kijiji chenye warina asali kinawafahamu mafundi wake. Kiwataje watatu au wanne, maarifa yao yarekodiwe kwa sauti zao wenyewe, nakala ipelekwe COSTECH na nyingine katika chuo cha nyuki Tabora, na Mei 20 ijayo majina yao yasomwe Inyonga wakiwa wamekaa viti vya mbele.