Dalili Zinazoutangulia Ugonjwa wa Moyo

Hapa Panda, kama katika mitaa mingine ya Likasi, mtu mwenye nguvu akianguka na kufa ghafula, kilio hakijaisha watu waanza kuulizana: Nani amemroga? Jirani hushukiwa, ndugu hugombana, na pengine mzee asiye na kosa hufukuzwa. Yafaa basi tujue habari za ugonjwa mmoja uuao hivyo, yaani kuzibika kwa mishipa inayoulisha moyo, na jinsi madaktari walivyojifunza kuutambua kabla haujafika.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa nadra sana kwa Waafrika. Mwaka 1956 madaktari Trowell na Singh, huko Uganda, walimwona mgonjwa mmoja tu Mwafrika kuwa habari ya kuandikwa katika gazeti la madaktari wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1959 Shaper na Jones waliandika habari za damu waliyoipima Kampala. Wahindi wa mji ule walikufa mara nyingi kwa ugonjwa huu, lakini Waafrika karibu hakuna. Na damu ya Wahindi ilikuwa na zaidi ya mafuta yaitwayo kolesteroli. Mji ulikuwa mmoja, vyakula vilikuwa mbalimbali.

Lakini kolesteroli haikueleza yote, kwani wengi waliougua hawakuwa nayo nyingi. Dalili nyingine ilikuwa imekwisha kupatikana New York mwaka 1930, wala hakuna aliyefikiri habari za moyo. Tillett na Francis waliona katika damu ya wagonjwa wa kichomi kitu ambacho hutoweka mgonjwa akipona. Leo chaitwa protini CRP. Ini hukitengeneza wakati mwili unapofura kwa jeraha au kwa kupigana na vijidudu. Mwaka 1997 Ridker na wenzake wa Marekani walichunguza damu iliyowekwa akiba miaka mingi, ya wanaume waliokuwa wazima siku ilipotolewa. Wenye CRP nyingi walipatwa na mshtuko wa moyo karibu mara tatu kuliko wenye kidogo. Kumbe mishipa haizibwi na mafuta tu kama bomba. Kuta zake hufura pia.

Je, kila mwenye CRP nyingi ataugua moyo? Hapana. Malaria, kifua kikuu, hata ufizi wenye usaha huipandisha. Mwaka 2017 wachunguzi waliandika habari za Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia. Wengi wao walikuwa na dalili hiyo kwa sababu ya maradhi ya kuambukiza, na hata hivyo mishipa ya mioyo yao ilikuwa safi kuliko ya watu wote waliokwisha kupimwa wakati ule. Basi katika nchi ya malaria kama yetu, kipimo hiki peke yake chaweza kudanganya.

Kwetu sisi, walaji wa bukari, zipo dalili zinazojulikana bila gharama kubwa: presha ya damu, sukari, sigara, unene wa tumbo, na mzazi aliyekufa mapema kwa moyo. Presha hupanda kimya, bila maumivu, asiyepimwa haijui. Tukifiwa ghafula, kabla ya kulitaja jina la jirani, tuulizane kwanza: presha ya marehemu ilipimwa lini? Na yetu je?